Uzoefu wangu na video za kurivyu visu: mwezi mzima naangalia, kisu chenyewe kimenitoa machozi

Wadau habari za saa hizi. Nimetoka soko la samaki la Mwaloni hapa Mwanza muda si mrefu, mikono bado inanuka sato, ila nikisema nipumzike kwanza najua sitaandika tena na hili jambo limenikaa kooni tangu Pasaka.

Mimi kazi yangu ni minofu. Nachukua sato na sangara pale Mwaloni Kirumba alfajiri, natoa minofu nyumbani, napeleka kwa oda kwenye hoteli mbili tatu na kwa watu binafsi. Siku ya kawaida ni sato 40, ikichangamka 60, na sangara wadogo kadhaa. Kwa hiyo kisu kwangu ni kama jembe kwa mkulima, kikiwa kibovu siku imeharibika. Cha zamani kilikuwa kimenolewa miaka minne mpaka ubapa umebaki mwembamba kama kidole, nikasema safari hii sinunui kwa kukisia, naingia YouTube nijifunze kwanza maana si ndo watu wanasema kila kitu kipo huko.

Jamani. Nimemaliza mabando. Nimeangalia video zaidi ya 30, za Kiswahili na za Kiingereza, na nawaambia ukiziangalia tatu umeziangalia zote. Boksi linafunguliwa taratibu, muziki, kisu kinageuzwa geuzwa kwenye taa, tunaambiwa mpini mzuri unakaa mkononi, halafu inaletwa karatasi ya A4 inachanwa shwaa, halafu nyanya inakatwa bila kushikwa, "mnaona makali haya, kama wembe", kisha linki iko hapo chini na namba ya punguzo la bei. Basi. Dakika 11 zimeisha na hakijakatwa kitu chenye mfupa.

Na hizo dakika zina sababu yake, nilikuja kujua baadaye. Tangu Julai 2020 video ikifika dakika 8 mwenye chaneli anaruhusiwa kuweka matangazo katikati, kabla ya hapo ilikuwa dakika 10. Ndo maana mtu mwenye maneno ya dakika mbili anayavuta mpaka yafike, anatusimulia safari ya kifurushi kutoka China, anasoma maandishi ya kwenye boksi neno kwa neno. Sisi tunaonunua MB kwa mia tano mia tano ndo tunalipia huo mvuto. Zamani angalau ungeona dislaiki ziko ngapi ukajua hapa pana walakini, ila tangu Novemba 2021 idadi imefichwa, anaiona mwenye chaneli peke yake.

Sasa hiyo karatasi. Naomba mnielewe kwenye hili maana ndo lililoniponza. Karibu kila kisu kipya kikitoka kiwandani kinachana karatasi, hata cha buku mbili. Tena kisu kikinolewa vibaya kikabaki na kale kauzi ka chuma upande wa pili wa makali nacho kinachana karatasi vizuri tu, kwa dakika chache, kauzi kakilala umebaki na butu. Ninachotaka kujua mimi ni sato wa 30 atakuwaje. Kikishalowa utelezi wa samaki mpini unashikika au unachomoka? Nikikinoa kwenye jiwe kinarudi kwa dakika tano au nakesha? Kikilala na maji usiku kinashika kutu? Hayo huwezi kuyajua siku unayofungua boksi, na hawa wote wanarivyu siku wanayofungua boksi.

Na kupima kunawezekana! Kule Sheffield, Uingereza, kuna taasisi inaitwa CATRA, wana mashine inayopitisha kisu mbele nyuma mbele nyuma juu ya karatasi ngumu zilizochanganywa na silika, yaani mchanga laini, ili makali yachoke, halafu wanajumlisha kimekata milimita ngapi mpaka mwisho. Kipimo kina namba yake kabisa ya viwango vya kimataifa, ISO 8442-5. Simwambii mtu wa chaneli anunue mashine. Akate kamba ya katani mara mia mbele ya kamera kisha arudie hiyo karatasi yake, hapo nitamsikiliza.

Basi nikaangukia kimoja. Inchi 8, mawimbi mawimbi kwenye ubapa, jamaa akasema ni "damaski", ugumu HRC 60 (HRC ni kipimo cha ugumu wa chuma), kinafaa "nyama, samaki na mboga zote". Samaki! Alitamka samaki. Nikaagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, elfu 45, kikaja baada ya siku tisa.

Siku ya kwanza kizuri sana, sisemi uongo. Siku ya pili nina sangara wa kama kilo sita, nimeingia nyuma ya shavu, nashuka nitafute uti wa mgongo nigeuze nielekee mkiani, nikasikia tik. Sauti ndogo. Nikamaliza upande ule, nikakiosha, nikakiinua dirishani. Mnajua makali mazima huwa hayaonekani kwenye mwanga, yakifa ndo unaona ka mstari keupe. Sasa mimi niliona ka mstari na katikati yake kapengo, dogo kama nusu ya punje ya mchele. Toka hapo kila mnofu ukawa na mchubuko mmoja mahali palepale, umechanika kama umevutwa na msumari. Mpishi wa hoteli alinirudishia kilo nne. Akaniambia, "Dada, hii siwezi kuipeleka mezani." Na alikuwa na haki, ndo kilichoniuma.

Nikakipeleka kwa mzee mmoja anayenoa visu kwa baiskeli, anapita mtaani kwetu siku za Jumamosi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Hiki nani kakuuzia?"

Akaweka ncha juu ya benchi akakikandamiza. Hakikupinda hata kidogo. Akasema hiki cha nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, kisu cha samaki lazima kiitike. Neno hilo, kiitike, limenifundisha kuliko video zote 30. Kisu cha minofu kinatakiwa kiwe chembamba kinachopinda, ukigusa mifupa kinalala nayo kinateleza juu yake, ndo unaacha mapanki, yaani mifupa inayobaki, yakiwa meupe bila nyama.

Na hiyo HRC jamaa aliisoma tu kwenye boksi, hakupima. Hata ingekuwa kweli hakutuambia maana yake. Chuma kikiwa kigumu sana kinatunza makali muda mrefu ila kikigonga mfupa kinameguka badala ya kujikunja. Victorinox wa Uswisi visu vyao vya jikoni viko kwenye 55 au 56 hivi, laini zaidi, makali yake yanajikunja badala ya kumeguka, na kwenye jiwe vinarudi haraka. Kwa hiyo mimi namba kubwa ndo ilikuwa hasara yangu na yule bwana aliisifia kama ndo ubora wenyewe. Mawimbi nayo yalitoka kwa stiliwaya ndani ya wiki tatu. Damaski ya kweli ni vyuma viwili vimefuliwa pamoja tabaka kwa tabaka, mchoro ukififia unaloweka kwenye asidi unarudi. Huu ulikuwa umechorwa juu juu tu.

Video moja ilinisaidia, lazima niwe mkweli. Ya mzee fulani yuko kwenye meza ya bati, lugha yake siielewi na wala hakuongea sana, hamna muziki. Anatoa minofu kreti nzima. Kila baada ya samaki kumi hivi anakipitisha kisu kwenye chuma cha kunolea mara nne, anaendelea. Mwisho anakisogeza karibu na kamera tunaona makali yalivyo, na utumbo umegandia mpinini hajafuta. Niliirudia mara tatu. Ilikuwa na watazamaji wachache mno, wakati ile ya nyanya ina malaki.

Hawa wa nyanya hawaombwi waongope, wengi naamini wanakipenda kweli hicho kisu wakati ule. Ila mtu kama mimi anaamua hela ya wiki kwa neno lako. Ukisema "samaki", mpasue samaki mmoja mbele yetu, umfikie mbavu.

Sasa hivi natumia cha mpini wa plastiki nilichonunua sokoni Makoroboi, elfu 12, nimekikandamiza kwenye meza ya muuzaji kwanza mpaka akanishangaa. Leo kimefanya sato 52, nimekigusa jiwe mara mbili. Ile hoteli imeagiza tena, kilo sita za Ijumaa.