Nyama mbichi ya mbwa inunuliwe wapi: bucha, machinjio, muuza kuku au pakiti za friza?

Nyama tupu hupatikana popote. Kinachompa tabu anayelisha mbwa chakula kibichi ni mfupa unaotafunika, pamoja na kile kiungo cha ndani cha pili baada ya maini. Muuzaji apimwe kwanza kwa hivyo viwili. Mwenye steki nzuri asiye na shingo, figo wala bandama atakufanya uzunguke kwa wengine watatu, na ukishachoka utaanza kuviruka.

Hesabu hutangulia. Kigezo kinachotumiwa na wengi ni 80:10:10, yaani asilimia 80 nyama na mafuta yake, 10 mfupa, na 10 viungo vya ndani: nusu maini, nusu figo, bandama, kongosho au korodani. Moyo, firigisi, ulimi na mapafu huingia upande wa nyama, ingawa vinauzwa meza moja na maini. Mbwa mzima hula kama asilimia 2 hadi 3 ya uzito unaomfaa kwa siku. Kwa mbwa wa kilo 20, asilimia 2.5 ni gramu 500 kwa siku, sawa na kilo 15 kwa siku 30. Hapo unahitaji nyama kilo 12, mfupa kilo 1.5, maini gramu 750 na kiungo cha pili gramu 750.

Wengi hukosea kwenye ule mfupa. Wananunua kilo 1.5 za shingo za kuku na kuamini kazi imeisha. Shingo yenye ngozi ina mfupa wa takriban asilimia 36 tu, kwa hiyo mfupa halisi humo ni kama gramu 540, chini ya asilimia 4 ya mlo mzima. Ili ufikie kilo 1.5 za mfupa utahitaji shingo kilo 4.2. Kilo hizo zinakuja na nyama na ngozi ya kilo 2.7, basi nyama tupu ya kununua inashuka hadi kilo 9.3. Bawa lina mfupa wa karibu asilimia 46, mgongo 44, na miguu ile yenye kucha 60, kwa hiyo miguu kilo 2.5 inatosha mwezi mzima. Mbwa mzima anaweza kukaa na kasoro hii muda mrefu bila kuonyesha dalili. Mtoto wa mbwa hana muda huo: mwili unaokosa kalsiamu huichota kwenye mifupa yake mwenyewe, ikawa myembamba na kuvunjika kwa mruko mdogo.

Kwa yote hayo, bucha la kawaida ndilo chanzo bora cha sehemu kubwa ya mlo. Nyama yake imekaguliwa kwa ajili ya binadamu, unaiona ikikatwa, na mwenye bucha huwa na vitu asivyopata mnunuzi kwa urahisi: moyo, nyama ya mashavu, ulimi uliochubuka, vipande vya pembeni. Moyo ndio ununuzi mzuri kuliko yote hapo, kwa kuwa hauna mfupa, mafuta yake ni machache na una taurini nyingi, kirutubisho ambacho moyo wa mbwa wenyewe unakihitaji. Usiujaze mlo wote kwa moyo, maana kinyesi hulegea. Vipande vya pembeni vichunguze kabla ya kupimwa, kwani vingine ni nusu mafuta. Nyama iliyosagwa asubuhi na kuachwa kwenye trei iache. Vijidudu vilivyokuwa juu ya kipande, mashine imevisambaza ndani kote. Ama isagwe mbele yako kutoka kipande kizima, ama chukua kipande ukakate nyumbani.

Bucha lina mitego mitatu. Wa kwanza ni mfupa wa paja la ng'ombe, ambao muuzaji hukupa kwa moyo mweupe. Mfupa uliobeba uzito wa mnyama mkubwa ni mgumu kuliko jino, na gego kubwa la taya la juu ndilo hupasuka. Mbavu na shingo za kondoo au mbuzi ni salama zaidi, zikiwa mbichi, kwa sababu mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Wa pili ni koo. Koromeo ni gegedu nzuri ya kutafuna, lakini tezi ya thairoidi hukaa ubavuni mwake, na nyama ya kooni iliyolishwa mara kwa mara pamoja na tezi hiyo hupandisha homoni za mbwa: anakonda huku anakula sana, anahema, anakunywa maji mengi, hatulii. Omba koromeo lisafishwe mpaka liwe jeupe, au uliache. Wa tatu ni nguruwe. Minyoo ya trikinela hufa nyama yenye unene usiozidi sentimita 15 ikikaa siku 20 katika nyuzijoto -15. Virusi vya ugonjwa wa Aujeszky ni habari nyingine: friza haiviui kwa uhakika, na mbwa akiambukizwa hufa. Panapojulikana kuwa ugonjwa huo upo, nguruwe mbichi asiingie bakulini kabisa.

Machinjioni ndiko mahali pa kiungo cha pili. Bandama, kongosho, korodani na tumbo lisilooshwa havifiki bucha nyingi, au vinafika vimechoka. Kongosho hasa lina vimeng'enya vinavyoanza kulimeng'enya lenyewe mara mnyama anapochinjwa. Lichukue siku ileile, ligandishe mara moja, na likiwa limelegea na kunuka uchachu, limepitwa. Tumbo lisilooshwa linasifiwa kupita kiasi. Mbwa hulipenda na uwiano wake wa kalsiamu na fosforasi ni mzuri, lakini kalsiamu yenyewe ni kidogo, haiwezi kushika nafasi ya mfupa. Lile jeupe lililochemshwa kwa ajili ya jikoni ni nyama laini tu. Harufu ya lile lisilooshwa haitoki kwenye friza kwa urahisi, basi lifunge mara mbili.

Hapa pia ndipo pana hatari kubwa kuliko zote katika tathmini hii. Mbwa anayekula mapafu au maini mabichi yenye malengelenge ya maji hupata mnyoo wa Echinococcus. Yeye haumwi. Mayai hutoka na kinyesi chake, hushika kwenye manyoya, na mtu anayeyameza huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Kata kila ini na kila pafu vipande vyembamba kabla ya kulipa. Kifuko chenye majimaji angavu, mirija migumu myeupe ndani ya ini, au uvimbe wenye usaha ni sababu ya kukataa kiungo chote, hata kama muuzaji anasema sehemu iliyobaki ni nzima. Kilichopita ukaguzi wa daktari wa mifugo kigandishwe pia, siku 10 kwenye -20, na dawa ya minyoo ya mbwa isikosekane. Mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyeuawa na daktari kwa sindano, asinunuliwe kwa bei yoyote. Barbiturati, dawa ya sindano hiyo, hubaki kwenye nyama. Friza haiiondoi wala moto hauiondoi.

Muuza kuku anatoa mfupa ulio rahisi kupima. Shida yake ni maji. Kuku wa viwandani mara nyingi hudungwa maji ya chumvi, na shingo za friza huvishwa barafu inayohesabiwa kwenye uzito. Nunua kilo 2 za majaribio, ziyeyushe ndani ya chujio kwenye jokofu, kisha pima tena. Zikirudi kilo 1.7, muuzaji huyo amekuuzia gramu 300 za maji na mgawo wako wa mfupa umevurugika. Lebo inayotaja chumvi au fosfeti kwenye kuku mbichi inatosha kumwacha dukani. Kwa mbwa mkubwa mwenye pupa, shingo ni ndogo mno, ataimeza nzima. Mpe mgongo au robo ya kuku ili alazimike kutafuna. Na kuku peke yake hamalizi kazi, kwa kuwa mafuta yake yana omega-6 nyingi na zinki yake ni ndogo ukilinganisha na nyama nyekundu.

Samaki nitapita haraka. Sadini wa kopo walio ndani ya maji, bila chumvi wala viungo, wanaziba pengo la omega-3 na vitamini D bila wasiwasi wa minyoo. Wabichi wagandishwe siku 7 kwenye -20. Baadhi ya samaki wabichi, wakiwemo heringi na kapu (carp), wana kimeng'enya kinachoharibu thiamini (vitamini B1), kwa hiyo wasiwe chakula cha kila siku. Samoni mbichi wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini asiliwe na mbwa kabisa. Anaweza kubeba bakteria wanaoua.

Pakiti za friza zilizosagwa tayari zinafaa kwa asiye na muda, ila zinahitaji macho kwenye lebo. Tafuta asilimia ya mfupa, majina ya viungo vya ndani, na kiasi cha mafuta. Pakiti inayoandika “kuku” tu bila asilimia, au inayoanza na “kiunzi cha kuku”, yaani mifupa iliyobaki baada ya nyama kutolewa, inaweza kuwa na mfupa mara tatu ya ulioutarajia. Kinyesi cheupe kinachovunjika kama chaki kitakuambia, na cheusi kilicholegea kitakuambia viungo vya ndani vimezidi. Tofautisha pia chakula kamili kinachofuata viwango vya lishe ya wanyama wa kufugwa vya FEDIAF (Ulaya) au AAFCO (Marekani) na kile cha nyongeza. Pakiti yenye 80:10:10 peke yake kwa kawaida hupungukiwa vitamini E, iodini na manganizi, na mara nyingi zinki. Muuzaji anayeiita kamili bila kutaja kiwango chochote hajui anachouza, au anajua.

Mwisho wa orodha ni “nyama ya wanyama” ya bei poa, isiyokusudiwa kuliwa na binadamu. Ikikaa siku kadhaa bado inang'aa nyekundu, shuku salfaiti. Kemikali hiyo huhifadhi rangi na huharibu thiamini ya nyama, pamoja na ya vyakula vingine vilivyochanganywa nayo. Mbwa huacha kula, hutapika, huyumba, shingo huinama, kisha degedege. Sitaipa hata nyota moja.

Friza iwe -18 au chini yake, nyama iyeyushwe kwenye rafu ya chini ya jokofu na iliwe ndani ya siku 2. Kugandisha hakuui salmonela. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kilipitisha mwaka 2012 msimamo wa kutohimiza nyama mbichi kwa sababu hiyohiyo. Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito au mgonjwa mwenye kinga dhaifu inunue nyama hizihizi, itoe mifupa, ipike, na imwombe daktari wa mifugo kipimo cha kalsiamu ya unga.