Pete mbili za kigae kimoja: uzoefu wangu na sonara wa Lamu

Kama unatafuta pete ya kuwaonyesha watu bei, hizi si zako. Ni za fedha, na mahali pa kito pana kigae cha sahani. Masonara wa Lamu wanaifanya kazi hii tangu zamani: vigae vya sahani kuukuu, vikiwemo vya kauri za Kichina, huzungushiwa fedha vikawa pete na vidani. Zilizo tayari zimejaa madukani. Mimi nilipeleka kigae changu.

Sahani yenyewe ilikuwa ya mama mkwe, ikikaa kidakani miaka na miaka mpaka paka alipoamua vingine. Mama mkwe akavihifadhi vipande mkebeni. Nilimwomba kimoja, chenye jani la buluu lililopinda, nikamtaka fundi akigawe: nusu yangu, nusu ya mume wangu. Fundi alikigeuzageuza kwenye mwanga.

“Mwanangu, nikishakikata hakirudi. Umemuuliza mwenzio?”

Nilikuwa nimemuuliza.

Kwa mkono, fundi huyu hana mfano. Ukingo mwembamba wa fedha umekandamizwa juu ya kigae pande zote, na ukipitisha ukucha haukwami popote. Ndani imegongwa alama ya 925, yaani fedha asilimia 92.5, na kilichobaki aghalabu ni shaba. Tukiweka mikono sambamba mezani, jani linaendelea kutoka kidole hadi kidole: bua kwake, ncha kwangu. Tukiachana, kila mmoja ana mchirizi wa buluu tu, na mpita njia haambulii kitu. Ndiyo maana nazipenda kuliko zile pete pacha za nusu moyo zinazompigia kelele kila mtu.

Fedha ilitufaa pia kwa kuwa mume wangu, kama Mwislamu, havai dhahabu. Shangazi yangu bado hajaridhika; kwake yeye, mapenzi yasiyopanda mizani ya dhahabu ni maneno.

Huduma sasa. Siku ya kuchukua ilisogezwa, ikasogezwa tena. Kisha kidole cha mume wangu kilipimwa kwa uzi asubuhi na mapema. Jua likipanda vidole huvimba, na pete ikawa haipiti kwenye kifundo. Kuipanua pete ya namna hii ni kazi, maana ukiitia moto na kigae kimo ndani, chaweza kupasuka. Sharti kitolewe, fedha iongezwe, kisha kirudishwe. Fundi hakudai senti zaidi, lakini ukingo umebaki na kibonyeo ambacho hakikuwepo. Mume wangu anasema hakioni. Mimi nakiona kila siku.

Fedha hufifia, nasi tunazisugua kwa kitambaa laini. Wakati wa kufua naivua.

Nililipa shilingi 11,000 kwa zote mbili, kigae kikiwa changu. Ukienda, pimisha kidole alasiri, na mpatane bei ya marekebisho kabla fundi hajashika msumeno.