Uzoefu wangu na Defender Offline na VLC: kirusi kilichorudi kila nilipokifuta

Niko Wete, Pemba, ni mwalimu wa skuli, na laptopu yangu ni ya zamani, ya Windows 10. Nyumba nzima tunaitegemea hiyo hiyo moja. Mimi natungia mitihani, mwanangu anaandikia kazi zake, na usiku tunakaa pamoja kuangalia video. Kwa miezi miwili ilitutesa, na kwa kuwa najua si mimi peke yangu, naeleza nilivyotoka.

Ilianza na video ya harusi ya dada yangu, ya mwaka 2009. Tuliihamisha kutoka kwenye DVD kabla haijachubuka. Dakika ya 14 marehemu mama anapita mbele ya kamera na sinia la halua, anasema, "Karibuni jamani, msione haya." Jioni moja nikaifungua, sauti ya mama ikatoka kama kawaida, lakini kioo kizima kilikuwa kijani. Nikaizima, nikaiwasha, nikarudisha nyuma. Namsikia, simuoni.

Kwa haraka zangu nikatafuta mtandaoni programu ya kufungua video za kila aina, nikabonyeza jibu la mwanzo kabisa. Ilikuwa na ile koni ya barabarani ya rangi ya chungwa, nikajua ni VLC, ile programu ya bure ya kuangalia video. Haikuwa VLC. Kuanzia siku ile kivinjari kikawa kinafunguka chenyewe kwenye kurasa za kamari, na flashi ya mwanangu kila faili ikageuka shotikati, yaani kiungo tu badala ya faili lenyewe.

Fundi wa kwanza alinipigia Windows upya kwa shilingi 30,000. Mashine ikarudi nyepesi, nikamshukuru kwa moyo wote. Wiki haikuisha, yale yale. Fundi wa pili akaweka antivirasi ya kukraki, yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Hiyo ilizidi kuiharibu, sina zaidi la kusema juu yake.

Aliyenitoa ni mtoto wa ami yangu, anasomea kompyuta Unguja. Alinipigia simu baada ya Isha. "Dada, usibonyeze kitu kwanza," akaniambia. "Ingia kwenye Defender, sehemu ya virusi, fungua mipangilio, shuka mpaka chini kabisa kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Nisomee kilichomo."

"Kuna herufi C tu, na nukta mbili."

Akanyamaza kidogo. "Basi dada, mlinzi wako ameambiwa asiangalie nyumba nzima."

Hapo ndipo nilipoelewa. Defender ni antivirasi inayokuja na Windows, hailipiwi, na nilikuwa nikiidharau kwa sababu kila nikikagua inaniambia hakuna tatizo. Kumbe kirusi chenyewe kilipoingia kilijiandikia ruhusa humo. Tukaiondoa ile C kwenye orodha (C ndiyo diski yenye Windows na mafaili yote), kisha akanielekeza kwenye ukaguzi unaoitwa Defender Offline. Huu ndio ninaousifu hasa. Kompyuta inajizima na kujiwasha, na ukaguzi unafanyika kabla Windows haijaamka, kwa hiyo na kirusi nacho bado hakijaamka kujificha au kujitetea. Microsoft wanasema unachukua kama dakika 15. Kwa mashine yangu kongwe ulifika 40. Hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa kabla hujaanza, hasa kama umeme wa kwenu unakatika kama wetu. Ulikamata vitu vitatu.

Nikataka kulala, akanikatalia. Tukafungua Task Scheduler, pale Windows inapoweka kazi za kujiendesha zenyewe kwa saa. Kulikuwa na kazi moja imejipa jina kama la masasisho ya Windows, lakini kila baada ya dakika 10 ilikuwa inaita faili la .vbs, yaani la amri zinazojiendesha, lililojificha ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha. Tukaifuta kazi, tukalifuta na faili. Bila hatua hii ningekuwa nafuta leo, kesho kinarudi.

Na mlango wenyewe ulikuwa flashi. Yule fundi wa kwanza alihifadhi mafaili yangu kwenye flashi ile ile yenye shotikati, akapiga Windows, akayarudisha. Tena mwanangu anaipeleka steshenari kila wiki kuchapisha kazi, inachomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za mji mzima. Kwa hiyo tuliichomeka bila kuifungua, tukaikagua kwa Defender, tukafuta shotikati zote, halafu kwenye kile kidirisha cheusi cha amri tukaandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi yangu, yako huenda ni nyengine. Mafaili hayakuwa yamepotea, yalikuwa yamefichwa tu. Mwanangu aliposimama nyuma yangu akaona kazi zake zinatokea moja moja, alinikumbatia.

Baada ya hapo ndipo nikapakua VLC ya kweli, kutoka videolan.org, megabaiti 40 na kidogo za bando. Ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja Ufaransa mwaka 1996, tangu 2001 iko wazi kwa kila mtu, haina matangazo. Anayekuuzia, au anayekulazimisha kupakua na kitu chengine juu yake, mkimbie.

Nikafungua harusi. Kijani. Niliishiwa nguvu, nasema kweli. Kumbe ule ukijani haukuhusiana na kirusi tangu mwanzo: draiva ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, ilikuwa imejisasisha na haielewani tena na kadi yangu kuukuu. Dawa yake ni kwenye mapendeleo ya VLC, sehemu ya Input / Codecs: pale penye kutumia kadi ya picha kufungulia video, unachagua Disable, unahifadhi, unafunga programu na kuifungua tena. Ubaya wake, kazi yote inabaki kwa prosesa, feni inavuma na laptopu inapata moto kwa video nzito. Kwa video za nyumbani haina shida.

Mwezi wa tatu sasa, hakuna kilichorudi. Dosari kubwa iliyobaki si ya programu hizi: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu haipokei 11. Nakusanya pesa za nyengine. Kwa sasa ile harusi nimeinakili kwenye diski ya nje isiyochomekwa popote, iko kabatini, imefungwa ndani ya kanga ya mama.