Kiboksi cha kupima ugonjwa wa miche ya bangi kwa posta: nyota tatu na nusu

Kwanza sheria, tusije tukagombana. Naishi Hamilton, Ontario. Kanada bangi ni halali tangu tarehe 17 Oktoba 2018, na hapa Ontario nyumba moja inaruhusiwa miche minne, hata mkiwa watu wazima saba ndani. Quebec wao hawataki mtu apande nyumbani. Tanzania ni jinai, na hakimu hatakuelewa ukimwambia ni dawa ya mgongo. Kwa hiyo wewe unayenisoma ukiwa Muheza, haya yapeleke kwenye mihogo yako. Yatakufaa, nitaeleza.

Kwangu mimi kweli ni dawa ya mgongo. Niliumia ghalani nikipakua mizigo, na tangu hapo natengeneza mafuta, matone mawili chini ya ulimi kabla ya kulala. Mke wangu hataki hata kuisikia harufu. Kile chumba cha chini anakiita "kwa wageni wako", na akishuka kufua hupita ameziba pua kwa ncha ya kanga.

Kwa miaka mitatu nilikuwa na mche mama mmoja, namkata matawi, nayaotesha mizizi, nalea miche mitatu ya kuvuna. Kawaida napata kama gramu 200 kavu. Oktoba iliyopita nilipima mara mbili nikidhani betri ya mizani imekwisha: gramu 85. Na hizo 85 zenyewe zilikuwa makapi. Ua la bangi lililoiva ukiliminya vidole vinanata, unahangaika navyo mpaka jioni. Haya niliyaminya nikaenda kula ugali bila kunawa.

Nikirudi nyuma, dalili nilikuwa nazo tangu Agosti. Matawi hayakupanda juu, yalitanda pembeni kama mtu aliyenyoosha mikono avae koti. Majani madogo, vifundo vimekaribiana. Siku moja nafunga tawi kwenye waya, nalipinda taratibu kama ninavyofanya siku zote, likalia tak! Limekatika kama tambi kavu. Nikasema labda maji yamezidi. Wiki iliyofuata likakatika la pili.

Nikanunua mbolea, nikanunua magnesi, nikanunua kipima asidi cha dola 60. Muuza duka la vifaa vya bustani akaniambia ni mozaiki ya tumbaku, ugonjwa wa virusi. Hapa niseme kidogo, maana jambo hili linaniudhi. Huku kila jani lenye baka ni "mozaiki ya tumbaku". Jani nusu jeupe nusu kijani mara nyingi ni maumbile tu ya mche huo, amezaliwa hivyo. Majani machanga yakijikunja na kung'aa kama yamepakwa mafuta, tafuta utitiri kwa kioo cha kukuzia, wale ambao jicho tupu haliwaoni. Macho peke yake yanadanganya, na muuza duka anauza alichonacho dukani.

Aliyenifungua macho ni dada yangu, yuko Muheza, ana ekari mbili za mihogo. Nilimpigia simu nikamwambia nyanya zangu zimedumaa. Nikamweleza matawi, majani, na kwamba mche mama naye anaonekana hivyo hivyo.

"Kaka," akasema, "nyanya gani hiyo inayopandwa kwa pingili?"

Nikanyamaza. Akacheka mpaka mtandao ukakatika. Alipopiga tena hakuuliza ni mmea gani, kauliza kitu kimoja tu: "Mbegu ulichukua kwa nani?"

Mwezi Mei mwenzangu wa kazini aliniletea kipando kwenye kikopo cha mtindi, zawadi. Nikang'oa mmoja wangu kumpa nafasi. Na mkasi uliompunguza majani yule mgeni ndio uliomkata mche mama siku ile ile.

Dada hajasoma maabara, ila amekulia chini ya milima ya Amani. Huko Amani ndiko mtafiti Storey alikoeleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa wa mihogo wa michirizi ya kahawia. Bibi yetu aliujua kwa uchungu zaidi: juu shamba linapendeza, ukichimba muhogo una madoa ya kutu ndani, haulishi hata mbuzi. Batobato, ule ugonjwa mwingine wa mihogo, unaiona majanini. Hii nyingine unaweza kuipanda mwaka mzima kwa mikono yako mwenyewe, pingili kwa pingili, hujui. Bangi ya vipando ni muhogo mtupu kwa habari hiyo. Ukikata tawi la mgonjwa hupati mtoto, unapata mgonjwa yule yule mara ya pili.

Ndipo nikaagiza kiboksi, na sasa tufike kwenye huduma yenyewe. Maabara sitaitaja, maana nina la kuwalaumu na wao walinijibu kiungwana.

Ndani ya kiboksi mna vichupa vinane vyenye maji maangavu, vijiti, lebo za namba, bahasha iliyokwisha kulipiwa stempu, na karatasi ya maelezo. Sampuli moja dola 38 ukipima ugonjwa mmoja, dola 75 ukitaka pakiti nzima. Mimi sikununua pakiti. Ndani yake wameweka virusi vya njano ya saladi, vilivyoonekana kwenye bangi huko Israeli na vinavyobebwa na inzi weupe, na virusi vya kujikunja majani ya kiazi sukari, ambavyo hupelekwa na mdudu mrukaji kwenye mashamba ya wazi ya magharibi ya Marekani. Mimi nalima chumba cha chini ya ardhi Hamilton, inzi mweupe sijamwona tangu niondoke Tanga. Mwenye banda la kioo au shamba la nje anunue pakiti. Mwenye taa mbili na mlango uliofungwa, ahifadhi dola zake.

Ugonjwa niliopima unaitwa kwa kifupi HLVd, viroidi ya hopsi, ule mmea unaotiwa kwenye bia. Kwenye hopsi ilielezwa mwaka 1988. Kwenye bangi ilitangazwa California mwaka 2019. Si virusi kamili. Ni uzi mtupu wa RNA, yaani maandishi ya urithi, uliofunga duara, herufi 256 basi, hauna hata koti la protini. Korona ina herufi kama elfu 30. Ujinga wangu wote ulikuwa hapo: baada ya Korona nilizoea kupuliza spiriti kwenye mkasi nikijiona daktari. Spiriti inaiua Korona kwa sababu inayeyusha lile ganda lake la mafuta. Hii haina ganda, kwa hiyo spiriti haina cha kuyeyusha. Kinachofaa ni jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, mkasi ukae humo dakika nzima, na maji hayo uyachanganye upya kila siku.

Sasa lawama. Karatasi ya maelezo ina mchoro mkubwa wa jani. Kata kipande cha jani changa, tia kichupani, tikisa, funga. Nikafanya hivyo kwa mche mama na kwa mitoto miwili. Siku sita majibu yakaja kwa barua pepe: watoto wote wawili wanao, mama "haikuonekana". Nikafurahi kijinga. Nikataka kuwatupa watoto, nibaki na mama, nianze upya.

Kilichonizuia ni ubahili. Vichupa vitano vilikuwa vimebaki, na vimelipiwa. Nikasoma karatasi upande wa nyuma, maandishi madogo kama ya bima, yakisema kwamba viroidi haisambai sawasawa mwilini mwa mmea na kwamba "mizizi pia inaweza kutumika". Pia! Mizizi ndiyo iliyotakiwa kuwa kwenye mchoro. Nikamwinua mama kwenye chungu, nikachukua nyuzi tatu za mizizi myeupe kutoka pande tatu, urefu wa kucha, nikasuuza udongo, nikatuma. Jibu: anao, namba 19. Kwa asiyejua, hiyo ni idadi ya mizunguko ambayo mashine ya PCR, inayorudufisha maandishi hayo ya urithi, imehitaji mpaka kuuona ugonjwa. Namba ikiwa ndogo, ugonjwa ni mwingi. Wale watoto kwa jani walikuwa 27 na 29. Mama aliyesemwa mzima ndiye alikuwa kisima chenyewe, mizizi imejaa na jani nililokata halina kitu.

Nikawaandikia. Mhudumu alijibu siku ya pili, hakunizungusha: akasema wanajua kwamba mizizi hukamata mapema zaidi, mchoro ni wa zamani, na akanitumia vichupa viwili vya bure. Uungwana huo nauhesabu. Lakini mtu wa miche minne anayelipa dola 38 hapaswi kuupata ukweli upande wa nyuma wa karatasi. Ningekuwa na haraka ningemkata yule mama matawi kumi na kuwagawia wenzangu nikisema yamepimwa.

Mengine yako sawa. Posta ilifika bila kuvuja. Majibu siku sita mara ya kwanza, tano mara ya pili, wao wanatangaza tatu. Ukurasa wa majibu unasomeka vizuri hata kwenye simu. Wana utaratibu wa kuchanganya sampuli za miche mitano kwenye kichupa kimoja kupunguza gharama; kwa mwenye shamba ni sawa, kwangu mimi hesabu haikubali, miche yenyewe sina mitano.

Dawa ya kupuliza hakuna, na mtu akikuuzia usinunue. Kuna maabara zinazokata ncha changa kabisa ya mmea na kuilea kwenye chupa mpaka apatikane mche safi, lakini hiyo ni kazi ya miezi na ya wenye aina ya bangi ya thamani. Mimi wangu hakuwa na thamani hiyo. Niliwang'oa wote wanne na mizizi yao na udongo wao, nikafunga mifuko miwili miwili. Vyungu vya kitambaa nilitupa, vya plastiki nililoweka. Mkasi wa zamani sasa ni wa mke wangu wa kukatia nyuzi, kauomba mwenyewe.

Mwenzangu wa kazini nilimwambia. Hakuniamini mpaka nilipompa kichupa kimoja kati ya vile viwili vya bure. Yake ilikuja 21. Hakusema kitu, ila siku iliyofuata aliniletea kahawa bila kuombwa.

Je, nitaagiza tena? Nimeshaagiza. Safari hii nimeanza na mbegu kutoka duka lenye leseni, kwa sababu mbegu hubeba ugonjwa huu mara chache kuliko kipando, ingawa mara chache si kamwe. Nilipima mizizi ya mche wangu mteule alipofikisha wiki tano, hakuonekana kitu. Wiki ya tisa nitapima tena kabla ya kumkata tawi lolote. Nyota moja na nusu nimezikata kwa ajili ya ule mchoro wa jani na zile siku tatu za matangazo.

Hadi hapo mche anakaa peke yake bafu la chini, na taa yake, mbali na wenzake. Mke wangu ameuliza mara mbili karantini hiyo inaisha lini, maana wageni wanakuja Jumamosi, wageni wa kweli.