TAHADHARI: Seti ya "kupoza injini" ya Porsche 911 za zamani na Beetle inaua injini

Ndugu zangu wenye magari ya zamani yasiyotumia maji, mlioko Nairobi, Mombasa, Arusha na kwingineko: kuna muuzaji anazunguka Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp akiuza seti ya redieta ya oili, feni na chupa ya "dawa ya joto" anayodai inashusha joto la Porsche 911 na Volkswagen Beetle. Usimtumie pesa. Kama mzigo umeshakufikia, usiufunge kwenye gari. Na kama umeshafungwa, usiwashe injini kabla hujasoma maelezo haya yote.

Mimi ni fundi, na magari haya ndiyo riziki yangu. Nimeletewa gereji magari kadhaa yenye seti hiyohiyo, na moja, 911 SC, tayari imeua beringi (vipande vinavyobeba shafti kuu ndani ya injini). Mwenye gari ni mzee mstaafu aliyeitunza kwa mikono yake tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Kumweleza gharama ya kufungua injini ile nzima ilikuwa kazi ngumu kuliko kuifungua.

Huyu bwana anajua kutupata. Anasema spea zake ni mabaki yaliyoachwa na timu za Safari Classic, mashindano ya Safari ya magari ya zamani. Anajua tunavyoienzi historia hiyo: Vic Preston Junior akishika nafasi ya pili kwenye Safari ya 1978 na 911 SC, Björn Waldegård akishinda Safari Classic ya 2011 na 911. Mtu akiambiwa "redieta hii imekimbia Safari" moyo unalainika na mkono unaenda kwenye simu. Bei yenyewe haifiki nusu ya redieta mpya ya aina hiyo.

Kinachofanya uongo wake uaminike ni kwamba umepandwa juu ya ukweli. 911 za kupozwa kwa hewa, zilizotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1998, hazipozwi na hewa peke yake. Oili inabeba sehemu kubwa ya joto. Ndiyo maana zina tangi la oili la pembeni na redieta ya oili kwenye injini, na nyingi zina ya pili mbele, ndani ya fenda ya kulia. Kuongeza redieta ya mbele kwenye gari isiyokuwa nayo ni matengenezo halali, tena mimi mwenyewe huyapendekeza. Tatizo ni hiki anachokuuzia.

Redieta yake inakuja ikiwa imepakwa rangi nyeusi inayonukia upya. Nilipoikwangua moja nikakuta mapezi (vile vibati vyembamba vya kupozea) yaliyolala yamenyooshwa kwa bisibisi, na mdomo wa kuingilia oili umechomelewa mara ya pili. Nikamimina mafuta ya taa ndani, nikaziba, nikaitikisa vizuri, kisha nikayamwaga taratibu kupitia kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa kilibaki na chenga za kung'aa, nyingine ndogo kiasi kwamba huzioni mpaka ukigeuze kuelekea kwenye mwanga. Nikapitisha sumaku, haikushika kitu. Utando wa juu wa beringi za injini si chuma cha kushikwa na sumaku. Redieta ile ilitolewa kwenye injini iliyokwisha kufa, na mabaki ya beringi zake yamo humo bado.

Fundi anayeijua kazi yake akikuta injini imekula beringi huitupa redieta ya oili. Haioshi. Chenga hujificha kwenye njia nyembamba za ndani, ukisukuma petroli hazitoki zote, kisha oili ikipata moto na kuanza kutembea kwa nguvu zinaachia kidogo kidogo. Msitegemee filta iwaokoe. Asubuhi oili ikiwa baridi na nzito, valvu ya filta hufunguka na oili hupita bila kuchujwa.

Tena seti haina themostati. Ukimuuliza anajibu kwamba Afrika ni joto, haihitajiki. Huo ni uongo wa hatari. Themostati ya 911 huizuia oili isiende mbele mpaka ifike karibu nyuzi 85 za Selsiasi, na ndani yake mna valvu ya kuilinda redieta dhidi ya msukumo wa oili baridi. Ukiiondoa, asubuhi ya baridi ya Limuru unaisukuma oili nzito moja kwa moja kwenye kile chuma kilichochomelewa upya. Kikipasuka, oili yote inaishia barabarani, karibu na gurudumu lako la mbele.

Sasa feni. Anauza yenye mapanga matano akisema ni ya mashindano. Porsche wenyewe walijaribu mapanga matano kwenye baadhi ya injini za lita 2.7 za katikati ya miaka ya 1970, injini ambazo kila fundi anazijua kwa kuchemka na kung'oa stadi (boliti ndefu zinazoshikilia silinda) kutoka kwenye bodi yake ya magnesiamu, kisha wakarudi kwenye mapanga 11. Lakini hii yake si hata ile ya kiwandani. Ni ya kumiminwa kienyeji. Ining'inize kwa waya, uigonge kidogo na spana ndogo: feni nzima hulia na sauti ikadumu, yenye ufa hutoa sauti ya kufa. Mbili nilizozigonga zilikuwa na nyufa karibu na kitovu. Feni ya 911 huzunguka haraka kuliko krankshafti (ile shafti kuu ya injini), na kwa baadhi ya miaka inapita mizunguko 10,000 kwa dakika injini ikikazwa. Feni yenye ufa ikipasuka kwa kasi hiyo, vipande vyake havichagui pa kupiga.

Chupa ya "dawa ya joto" iliyomo kwenye boksi, lebo yake imebanduliwa nusu, na nusu iliyobaki inaagiza imiminwe kwenye redieta ya maji. Gari hizi hazina maji. Mwaga.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni ushauri anaotoa bure. Anawaambia watu waondoe mabati yanayozunguka injini na mipira yake ya pembeni "ili injini ipumue". Mabati hayo ndiyo yanayotenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto inayotoka kwenye silinda na ekzosi. Ukiyaondoa, feni inaivuta ile ile hewa ya moto na kuirudisha kwenye silinda. Beetle inaumia mapema zaidi, hasa silinda namba 3 kwenye injini za zamani, kwa sababu redieta yake ya oili imekaa kwenye njia ya hewa ya upande huo. Volkswagen waliisogeza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kufunga kava la feni la aina hiyo ya baadaye, pamoja na redieta iliyosogezwa, ndiyo dawa ya kweli ya Beetle.

Gari yako ikichemka, anza na vitu vya bei nafuu. Angalia mkanda wa feni umekazwa sawasawa. Hakikisha bati zote na mipira ipo. Toa nyasi, vumbi lililoganda na viota vya panya kwenye mapezi ya silinda na redieta ya injini. Pima taiming (wakati cheche ya plagi inapowaka) na mchanganyiko wa petroli na hewa, maana taiming iliyochelewa na mchanganyiko wenye petroli kidogo mno hupandisha joto bila feni kuwa na kosa lolote. Pima pia joto la oili kwa kipimajoto cha uhakika kabla ya kuamini mshale wa dashibodi uliozeeka. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Upande wa pesa, anataka zote mwanzo kwa M-Pesa, kwenye namba binafsi. Baada ya siku chache anapiga akidai mzigo umekwama forodhani Mombasa na inatakiwa nyongeza ya kodi. Kodi ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wao, haitumwi kwenye simu ya mtu. Kama uko Kenya na umetuma sasa hivi, peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja kabla hajazitoa, kisha nenda kituo cha polisi ukapate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Hifadhi picha zake, sauti zake na boksi alilotuma.

Waliokwisha kufunga: mwageni oili kwenye tangi na kwenye injini, toeni redieta na mabomba yake yote, fungueni filta muikate muone kilichomo. Ukikuta chenga zinazong'aa, usiwashe hata kuisogeza gari uani, ivutwe.

Jina la akaunti amelibadilisha tayari, lakini picha za kuuzia ni zilezile: redieta nyeusi imewekwa juu ya gunia la buluu, ukuta wa mabati yenye kutu nyuma yake, na kwenye kila picha ile redieta ina pezi moja lililopinda kona ya juu kushoto.