Uzoefu wangu na Graviton: kuhama kutoka x86 kwenda ARM, na mahali panapovunjika

Nimeendesha huduma za wavuti kwenye mashine za kukodi za AWS (huduma ya wingu ya Amazon) zenye Graviton, prosesa za ARM ambazo Amazon imezibuni yenyewe, badala ya x86 za Intel na AMD, kuanzia t4g hadi m7g: programu ya Django, PostgreSQL, Redis na kazi za foleni, vyote juu ya Linux. Kwa kazi za aina hii sirudi x86. Lakini anayedhani atabadilisha jina la mashine kwenye Terraform (zana ya kuunda mashine kwa msimbo) kisha asubiri bili ishuke, atakwama siku ya kwanza. Sehemu kubwa ya kazi iko kwenye ujenzi wa imeji (vifurushi vinavyowasha kontena) na kwenye namna ya kupima.

Kwanza bei, maana ndiyo inayowavuta wengi. Kwa malipo ya saa, Linux, eneo la us-east-1, m7g.large (vCPU 2, kumbukumbu GB 8) ni dola 0.0816. Ndugu yake wa Intel, m7i.large, ni dola 0.1008. Tofauti ni kama dola 14 kwa mwezi kwa kila mashine, na mashine kumi zinakupa dola 140. Si haba, ila hilo bado ni punguzo la bei tu. Faida yenyewe iko ndani ya neno vCPU.

Kwenye m7i, vCPU moja ni uzi mmoja kati ya nyuzi mbili zinazogawana kiini kimoja. Ukinunua vCPU 2 umepata kiini kimoja. Kwenye Graviton hakuna kugawana: vCPU 2 ni viini viwili kamili, kila kimoja na kashe yake ya L1 na L2. Ndiyo maana mzigo ukipanda tabia zao hutofautiana. Mashine ya Intel inayosoma 60% inaonekana ina nafasi tele, kumbe viini vyake vimekaribia kujaa na muda wa majibu unaanza kurefuka. Graviton kwenye 60% kweli imebakiza karibu 40%. Kwa hiyo kizingiti cha kuongeza mashine ambacho kwenye x86 nilikiweka 50%, huku nakiweka 70%, na hapo ndipo idadi ya mashine inapopungua. (m7a ya AMD nayo hutoa kiini kizima kwa kila vCPU, lakini m7a.large ni dola 0.1159.)

Hapo pia ndipo watu wanapopima vibaya. Wanatuma ombi moja moja kwenye mashine isiyo na kazi, wanaona Graviton2 yenye kasi ya GHz 2.5 imezidiwa na Intel inayoruka juu zaidi ya hapo, wanafunga kitabu. Seva hainunuliwi kwa ajili ya ombi moja. Mimi hutumia zana ya mzigo, `wrk -t4 -c50 -d5m --latency`, kisha napandisha `-c` (idadi ya miunganisho) hadi 100, 200, 400, mpaka p99 (muda ambao 99% ya maombi hujibiwa ndani yake) ivuke kikomo nilichojiwekea. Naandika maombi kwa sekunde niliyofikia kabla ya kikomo kuvukwa, nagawanya kwa bei ya saa. Namba hiyo moja inatosha kuamua. Mtambo wa kupimia uwe mashine nyingine, tena ndani ya eneo lile lile, la sivyo utakuwa unapima mtandao.

Tahadhari kuhusu t4g. Bei ya t4g.medium, dola 0.0336, inavutia, lakini hiyo ni mashine ya mikopo (hujiwekea mikopo ya CPU ikipumzika, huitumia ikibanwa): haki yake ni 20% tu ya kila vCPU, na kwa kawaida huja ikiwa kwenye hali ya "unlimited". Ukiibana muda wote kwa 100%, unatozwa dola 0.04 kwa kila saa ya vCPU iliyozidi. Vuta hesabu: ziada ni vCPU 1.6, sawa na dola 0.064 kwa saa, ukijumlisha na bei ya msingi unafika dola 0.0976. Hiyo ni zaidi ya m7g.large, tena kwa nusu ya kumbukumbu. Naitumia t4g kwa mazingira ya majaribio na kazi za hapa na pale tu. Angalia kipimo cha CPUSurplusCreditsCharged kila wiki.

Sasa kuhama kwenyewe. Huwezi kuizima t3 ukaiwasha kama t4g, kwa sababu diski yake ya mfumo imebeba Linux ya x86. Unaanza na AMI (imeji ya mfumo ya AWS) ya arm64, yaani ya ARM, halafu diski za data unaweza kuzichomoa na kuzichomeka upande wa pili. Ukiingia, `uname -m` lazima iseme `aarch64`.

Kontena zikitoa `exec format error`, imeji yako ni ya x86. Jenga zote mbili kwa pamoja:

`docker buildx build --platform linux/amd64,linux/arm64 -t rejista/programu:1.4 --push .`

Kisha hakikisha kwa `docker buildx imagetools inspect rejista/programu:1.4` kwamba majukwaa yote mawili yamo. Kompyuta ya x86 itajenga sehemu ya ARM kupitia QEMU, programu inayoigiza prosesa nyingine, na hapo ndipo uvumilivu hukatika: maktaba yoyote ya C inayohitaji kukusanywa upya huenda kwa mwendo wa kobe. Dawa ni kujengea kila upande kwenye mashine ya aina yake, au, kama ni Go isiyogusa C, kuweka `GOARCH=arm64` na kuachana kabisa na QEMU.

Kwa Python, pip iwe 19.3 au zaidi, vinginevyo haitambui vifurushi vya manylinux2014_aarch64 na itajaribu kukusanya kila kitu. Tumia imeji ya msingi ya Debian slim, usitumie Alpine, kwa kuwa vifurushi vya musl (maktaba ya C ya Alpine) kwa ARM bado vina mapengo. Kwa Node, usinakili `node_modules` kutoka kwenye kompyuta yako. Endesha `npm ci` ndani ya ujenzi, hasa ukiwa na bcrypt au sharp. Java 11 kwenda juu haina taabu, tatizo huja kwenye faili za JAR za zamani zilizoficha maktaba za x86 ndani yake.

Makosa yanayopiga kelele ni rahisi. Yale ya kimya ndiyo yanayotafuna siku zako. Mfano ni `char` ya C: kwenye Linux ya x86 ina alama ya hasi, kwenye ARM haina. Msimbo unaoweka jibu la `getchar()` ndani ya `char` kisha ukalinganisha na EOF (alama ya mwisho wa faili, -1) hautoki tena kwenye kitanzi, kwa sababu -1 imegeuka 255. Rekebisha iwe `int`, au kwa haraka kusanya kwa `-fsigned-char`. Mwingine ni mpangilio wa kumbukumbu. x86 hulinda kwa ukali utaratibu wa kusoma na kuandika, ARM inaruhusu kuupindua. Nyuzi zinazoshirikiana data bila kufuli zinaweza kuonekana salama miaka na miaka kwenye Intel, kisha huku zikaanza kutoa majibu ya ajabu. ARM haikuleta kosa hilo, lilikuwamo tangu mwanzo. Endesha vipimo vyako kwa `-fsanitize=thread` kabla ya kuhama.

Angalia pia `getconf PAGESIZE`, ukubwa wa kurasa za kumbukumbu za mfumo. RHEL 8 (Linux ya Red Hat) ya ARM hutumia kurasa za KB 64, RHEL 9 imerudi kwenye KB 4. Programu yenye jemalloc (maktaba ya kugawa kumbukumbu) iliyojengwa kwa kurasa za KB 4 itagoma kwenye KB 64 na ujumbe `Unsupported system page size`. Ijenge upya kwa `--with-lg-page=16`, au chagua mfumo wa KB 4 uondokane na jambo hili.

PostgreSQL ndiyo ninayoihamisha kwa uangalifu kuliko vyote. Inashawishi kuweka nakala fuatishi ya ARM nyuma ya seva kuu ya x86, na mara nyingi itawaka bila kulalamika. Lakini faharasa za GIN za pg_trgm (kiongezi cha kutafuta maandishi) hupangwa kwa kufuata alama ya `char`, ile ile niliyoitaja, hivyo utafutaji wa maandishi unaweza kuruka safu bila kutoa kosa lolote. Toleo la 18 sasa linaandika hali hiyo kwenye faili ya udhibiti. Matoleo ya nyuma hayakuandika. Mimi hutumia urudufishaji wa kimantiki: `CREATE PUBLICATION` upande wa zamani, `CREATE SUBSCRIPTION` upande mpya, na faharasa zinajengwa upya huko huko. Kumbuka kusogeza sequence (vihesabu vya namba za ID) kwa mkono, hazisafiri zenyewe.

Kwenye Kubernetes, anza kwa kuzipa nodi za ARM taint (alama ya kuzuia kazi zisizoruhusiwa), ruhusu huduma moja moja kwa toleration pamoja na nodeSelector ya `kubernetes.io/arch: arm64`, na kagua DaemonSet zote (huduma zinazowekwa kwenye kila nodi) kwanza. Wakala wa kumbukumbu za matukio asiye na imeji ya arm64 atakuacha ukiendesha nodi kipofu. Kwenye ALB (kigawa mzigo cha AWS) nagawa trafiki kwa uzito, 5% kwanza, kisha 25% siku ikipita bila p99 wala makosa ya 5xx kupanda.

Suala la umeme: Amazon inasema Graviton3 hutumia hadi 60% pungufu ya nishati kwa kazi ile ile ikilinganishwa na mashine nyingine za EC2. Mpangaji haoni wati, anaona bili.

Kama unategemea Windows Server au SQL Server, baki x86. Programu ya kulipia ambayo muuzaji wake hatoi toleo la aarch64 nayo iache ilipo, ihamishe iliyobaki. Mchanganyiko wa nodi za aina mbili hauna ubaya wowote.