Mtambo wa upepo wa nyumbani: upi ununue, upi uuache dukani

Ukiingia dukani, usianze na bei. Anza na futikamba. Pima panga moja la mtambo kutoka katikati hadi nchani, kwa sababu kibandiko cha wati kinaweza kuandikwa lolote, ila urefu wa panga haudanganyi.

Mtambo wangu wa kwanza ulibandikwa wati 1000. Mapanga yake yalikuwa ya sentimita 60, yaani duara lenye upana wa mita 1.2. Duara hilo, upepo ukivuma mita 12 kwa sekunde (na huo ni upepo wa kuangusha nguo kambani), linapitiwa na nguvu ya wati 1200 hivi. Mtambo mdogo mzuri huchota kama theluthi yake, basi. Hizo wati 1000 hazikuwapo tangu kiwandani. Nami kwa ujinga wangu nikaufunga juu ya paa. Upepo ukigonga nyumba hukatikakatika na kuzunguka, kwa hiyo mtambo ulikuwa ukigeuka huku na huku bila kuzalisha cha maana, na bati likinguruma usiku kucha. Wiki ya tatu nikaushusha.

Jambo jingine la kujua kabla ya kutoa hela: kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Mtambo wenye duara la mita mbili, kwenye upepo wa mita 4 kwa sekunde, unatoa wati 30 hivi, za taa chache na simu. Kwenye mita 8 unakaribia 250. Ndiyo maana mtu wa Singida au Makambako anaweza kuusifia mtambo uleule ambao mtu wa bondeni Morogoro anautukana.

Sasa mpangilio wangu.

Wa kwanza ni sola na upepo pamoja. Paneli zibebe mchana, na mtambo wa mapanga matatu, duara la mita mbili au zaidi, ubebe usiku na siku za mawingu. Njombe mwezi wa saba, jua likishinda ndani ya ukungu, utaona faida yake. Pwani vilevile, Kusi ikishika kasi.

Wa pili ni sola peke yake. Najua umekuja kusoma habari za upepo, lakini kama miti ya kwenu imesimama wima bila kuegemea upande wowote, yaani upepo wenu ni haba, hela yako ina kazi bora kwenye paneli. Haina kinachozunguka, haina beringi.

Wa tatu ni mtambo wa kuchongwa na fundi: mapanga ya mbao, sumaku na koili za kusukwa kwa mkono, kwa ramani za Hugh Piggott wa Scotland, ambazo mafundi wa nchi nyingi wanazifuata. Ukivunjika unatengenezwa hapohapo. Kama fundi wa namna hiyo angekuwa jirani yangu, ningeupandisha daraja.

Mitambo ya kusimama wima kama pipa linalozunguka ni mizuri kwa macho, lakini kwa wati zilezile huwa ghali zaidi. Na wa mwisho kabisa ni wowote wa kufungwa paani.

Bajeti ikigawanywa vizuri, mlingoti utakushtua: mara nyingi unakula kuliko mtambo wenyewe. Ncha ya chini ya mapanga iwe juu ya kila mti na kila paa lililo ndani ya mita 100 au 150, tena ipite kwa mita 10. Nunua mlingoti wa kulaza, wenye kamba za chuma pande nne zilizofungwa kwenye zege, maana lazima uulaze angalau mara moja kwa mwaka kukaza bolti na kusikiliza beringi. Pwani ongeza safari hizo. Chumvi haina huruma.

Kidhibiti chaji, kile kifaa cha kulinda betri zisijazwe kupita kiasi, kiwe cha upepo, si cha sola. Betri zikijaa, paneli unaweza kuzikata tu, lakini mtambo ukikosa mzigo hukimbia hadi ujivunje. Kwa hiyo kiwe na hita ya kumwagia umeme wa ziada, pamoja na swichi ya breki inayounganisha nyaya tatu za mtambo ili uzuilike. Kama mlingoti uko mbali na nyumba, chukua mfumo wa volti 48 badala ya 24: kwa kebo ileile, umeme unaopotea njiani hushuka hadi robo.

Mwisho, mwombe muuzaji jedwali la wati kwa kila kasi ya upepo, uanze kusoma kwenye mita 5 kwa sekunde. Asipokuwa nalo, hela hiyo iongezee paneli.